Ngamia wa Arobaini

Sehemu ya Tisa

Wewe uliyefungia miraa gazeti la wiki jana kabla ya kumaliza ukurasa huu, pole yako. Wenzako walilala na jina moja kichwani: YONIS AHMEDNOOR. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye kibao. Kibao kilisimama juu ya kaburi. Na kaburi lilikuwa pale pale nambari za GPS zilipompeleka Naimo.

Naimo aligusa jina hilo kwa kidole.

"Abaayo, dada yangu, twende," alisema Khalif nyuma yake. "Tumeshamwona. Mungu amrehemu. Twende tukawaambie wazee."

Kwa wageni wa ukurasa huu, haraka haraka. Yonis ni kaka yake Naimo, mwalimu wa jiografia mjini Garissa, na alikuwa na mchezo aliokuwa akiupenda kuliko chakula. Anaficha mkebe porini, anaandika fumbo. Ukilifumbua unapata nambari za mahali, unazifuata kwa simu, na ukiupata mkebe unatia sahihi kwenye daftari dogo lililomo ndani. Wanafunzi wake walimpendea hilo.

Miezi minne iliyopita alipanda pikipiki kwenda kuficha mikebe huku njia ya Hulugho. Pikipiki ilipatikana imeungua. Yeye hakupatikana.

Kesho Ijumaa, wazee watamswalia swala ya maiti asiyekuwepo, na mkewe Ilwad ataanza kukaa eda. Naimo peke yake ndiye aliyekataa. Amefumbua mafumbo matano ya kaka yake, ametia sahihi madaftari matano, na fumbo la sita ndilo lililomleta hapa, saa sita na nusu mchana, jua likiwa utosini, pamoja na binamu yake Khalif mwenye Probox.

Alikuja kutafuta mtu hai. Amepewa kaburi.

"Naimo! Unanisikia?"

"Kibla iko wapi?"

"Nini?"

"Kibla, Khalif. Nionyeshe kibla."

Khalif alitazama juu. Jua halikuwa na upande. Hapa petu Makka iko kaskazini moja kwa moja, hata mtoto wa madrasa anajua, ila hiyo kaskazini sharti uipate kwanza. Na Khalif ni mtoto wa Isili, Nairobi, ambako kibla huonyeshwa na zulia la msikiti. Alinyoosha kidole, akakirudisha.

Naimo alifungua dira ya simu, akailaza juu ya mawe. Mshale ulitikisika, ukatulia. Ulikuwa umelala sambamba na kaburi, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Limelazwa vibaya," alisema.

"Una maana gani?"

"Kichwa kaskazini, miguu kusini. Sisi tunalazwa mashariki na magharibi, ubavu wa kulia, uso kibla. Hata ukizikwa na adui yako, akiwa Mwislamu atakulaza hivyo."

"Labda waliomzika si Waislamu."

"Na hao wasio Waislamu ndio walioandika *Inna lillahi* kwenye kibao?"

Naimo alikwisha kunja mikono ya buibui.

"Leta jembe."

"Unafukua kaburi? Wallahi hiyo ni haramu! Utamwambia nini adeer?"

"Nitamwambia baba nimeondoa mawe. Leta jembe, Khalif."

Jembe lilitoka nyuma ya gari. Makali yake yalikuwa na udongo mweupe uliokauka, na pale waliposimama ardhi yote ni nyekundu. Naimo aliuona udongo huo, akausahau. Wewe usiusahau.

Tuseme ukweli, msichana aliogopa. Ni muuguzi, amefunika macho ya watu wengi, lakini hao hawakuwa Yonis. Kila jiwe aliloliondoa aliliondoa akisoma dua. Alijua kwamba kama dira imemdanganya, jiwe linalofuata litamwonyesha uso ambao hatausahau mpaka afe.

Mawe yaliisha. Akapiga jembe. Likadunda.

Akapiga tena. Ardhi ilikuwa ngumu, haijawahi kuguswa na mtu tangu iumbwe. Hapakuwa na kaburi wala shimo. Kulikuwa na jiwe moja bapa katikati, na chini ya jiwe hilo mkebe wa bati uliofungwa kwa plasta.

"Hayumo!" Naimo alipiga kelele, akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Hayumo, Khalif! Hayumo!"

Khalif alisema alhamdulillahi. Aliisema kwa sauti ndogo sana.

Ndani ya mkebe mlikuwa na daftari na karatasi moja iliyokunjwa. Fumbo la saba, la mwisho. Mwandiko wa Yonis, herufi zimelala kushoto kwa sababu anatumia mkono huo:

*Simama hapa, elekea kibla. Hesabu ngamia wa baba. Kila ngamia hatua mia. Nenda.*

Mafumbo mengine yote yalikuwa ya wanafunzi: miaka ya ukame, herufi za majina ya miji, vimo vya vilima. Mwanafunzi atajuaje ngamia wa Mzee Ahmednoor? Hili halikuwa la shule. Hili Yonis alimwandikia mtu wa nyumbani.

"Ah, hii ni mteremko," alisema Khalif. "Adeer ana ngamia thelathini na tisa. Hatua elfu tatu mia tisa. Twende zetu."

Naimo alifungua mdomo, akaufunga. Alivaa viatu vizuri, akatoa tasbihi mkobani.

"Twende," alisema.

Walitembea. Kila hatua mia Naimo alisogeza punje moja. Nyayo zao zilikuwa kitu pekee kilichosikika. Hapakuwa na ndege, hata nzi hawakuwepo, na migunga ilikuwa imetupa majani yote. Kufika punje ya kumi na mbili Khalif alianza kupiga mluzi.

"Acha mluzi."

"Kwani nini, abaayo? Tunapeana tu company."

"Mchana huu una wenyewe. Usiwaite."

"Hizo ni za kina nyanya, manze." Akaendelea kupiga, wimbo ule ule. Halafu akakata ghafla.

Mbele yao, mbali, mtu alikuwa ameumalizia.

Mtasema ni ndege. Sawa, ni ndege. Lakini Khalif hakupiga mluzi tena, na alianza kutembea karibu sana na Naimo mpaka wakawa wanakanyagana.

Punje ya ishirini na sita walikutana na mama mmoja anaswaga mbuzi, anakwenda kinyume chao kwa haraka. Aliitwa Madino, manyatta yake ipo upande wa barabara. Alimsalimu Naimo kwa Kisomali, kisha akamtazama Khalif, kofia yake na jinzi yake, akaona huyu wa Nairobi, akabadili lugha.

"Nyinyi nakwenda wapi? Huko mbele sisi hapana lisha mbuzi siku hizi."

"Kwa nini, eeddo?" aliuliza Naimo.

"Iko mtu nasoma Qur'ani. Mchana kama saa hii. Sauti iko, mtu hakuna. Mzee yangu alienda kuangalia. Alikuta kisima ya zamani tu, maji hakuna, mtu hakuna. Karudi na homa."

"Sauti ya mwanamume?"

"Ya kijana. Nasoma fizuri." Mama alimshika Naimo mkono. "Kama natafuta mtu yenu, binti yangu, hiyo sasa si mtu tena. Rudini bole bole."

Aliwapa maji kutoka kwenye kidumu chake, akawasukuma mbuzi, akaenda bila kugeuka nyuma.

"Naimo, tuishie hapa," alisema Khalif.

"Zimebaki chache."

"Nakuomba. Kwa heshima ya baba yako."

Naimo hakusimama. Sasa ardhi ilikuwa inabadilika chini ya miguu. Wekundu ulififia, na walipofika punje ya thelathini na saba walikuwa wanakanyaga udongo mweupe wa chokaa.

Punje ya thelathini na tisa aliisogeza, akainua macho.

Mashimo. Yalikuwa saba au manane, yamechimbwa ovyo ovyo, kina cha goti, mengine chini ya migunga na mengine wazi kabisa. Aliyeyachimba alikuwa na hasira. Udongo uliotupwa pembeni ulikuwa bado haujapeperushwa.

"Subhanallah," alisema Khalif. "Kuna mtu ametutangulia."

"Ndiyo," alisema Naimo. "Tena si mgeni."

"Utajuaje?"

Na hapa, msomaji, kama hukulelewa kwenye nyumba ya ngamia, nisikilize. Mfugaji wa kwetu hataji hesabu kamili ya mifugo yake. Mmoja humficha, ili jicho la hasidi lisijue pa kukaa. Mzee Ahmednoor alisema thelathini na tisa sokoni, alisema thelathini na tisa kwenye vikao vya ukoo, na maafisa walipokuja kuorodhesha mifugo iliyonusurika ukame, karatasi ya serikali nayo iliandikwa thelathini na tisa. Waliokuwa wakiamka alfajiri zizini, wakiwaona kwa macho, walijua ni arobaini. Walijua, wala hawakusema, hata kwa binamu.

Ndiyo maana Naimo alifunga mdomo kule nyuma.

"Huyu amesoma lile fumbo, akahesabu ngamia wa mdomoni," alisema polepole. "Amewahi kumsikia baba akisema. Hajawahi kulala nyumbani kwetu." Aligeuka. Jembe lilikuwa begani kwa Khalif, na udongo mweupe bado umekauka kwenye makali. "Khalif. Leo ni nani aliyesema thelathini na tisa?"

"Abaayo..."

"Hilo jembe lilikuwa na udongo huu kabla hatujaanza kuchimba."

"Wacha nikueleze."

"Nieleze kibao."

Jembe lilishuka likaanguka. Khalif alikaa chini kwenye kingo za shimo lake mwenyewe, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Nilikufuata ulipopata ule mkebe wa tano. Niliona karatasi zako, nikatangulia huku wiki jana. Lilikuwa rundo la mawe tu. Nikachukua fumbo, nikachimba hapa siku nzima, sikupata kitu. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikapanga mawe yawe kaburi, nikaandika kibao. Hata sikujua kaskazini ni wapi."

"Kwa nini? Yonis alikukosea nini?"

"Amekufa, Naimo! Kila mtu anajua amekufa, isipokuwa wewe. Nilitaka tu uone kitu uache. Kila ukitia sahihi kidaftari, Ilwad anafufua matumaini, anarudi kuosha nguo za mtu asiyekuja kuzivaa."

"Unamwonea huruma Ilwad?"

Khalif aliinamisha kichwa.

"Wazee wamesema," alijibu. "Eda ikiisha nitamwoa mimi."

Hilo nalo lina mila yake, na jina lake ni dumaal. Mjane hatolewi nje ya ukoo. Ndugu wa marehemu humwoa, na asipokuwepo ndugu, binamu. Yonis hana kaka.

"Nilimpenda kabla yake," alisema Khalif, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mimi ndiye niliyemwonyesha Yonis huyo msichana, pale kwenye arusi ya binamu yetu Arbia. Miaka sita ninawaamkia asubuhi njema. Miaka sita, Naimo! Sikumuua. Naapa kwa..."

Hakumaliza kiapo.

Sauti ilianza. Ilitoka upande wa kaskazini, karibu mno, ndani ya ardhi. Ilikuwa inasoma Yasin, sura ambayo kwetu husomewa mtu anayekata roho na aliyekwisha kuikata. Ilisoma vizuri, kwa utulivu, ikivuta mwisho wa kila aya.

Ilikuwa sauti ya Yonis.

Khalif alisimama.

"Anajisomea," alinong'ona. "Naimo, anajisomea Yasin yake mwenyewe. Nilimchimbia kaburi na sasa..."

Akakimbia. Aliacha jembe, aliacha kofia, alikimbia kurudi kusini akilitaja jina la Mungu kwa nguvu, akaanguka, akaamka, akaendelea. Naimo hakumwita. Alikuwa tayari anahesabu, kwa sauti, na miguu yake haikumtii kutembea, ilikimbia.

Hatua mia. Punje ya arobaini.

Kisima cha kale, mdomo umejengwa kwa mawe meupe, ukingo umeinuka juu ya ardhi kimo cha paja. Sauti ilikuwa inatoka humo.

"Yonis! Yonis, ni mimi Naimo! Ni mimi!"

Sauti iliendelea kusoma.

"Walaal, nijibu! Nimekuja!"

Haikujibu. Haikukohoa wala haikusita. Ilifika mwisho wa ukurasa, ikakwaruza kidogo, ikaanza tena mwanzo, kwa mvuto ule ule, pumzi ile ile.

Naimo alipanda ukingo, akachungulia. Dhiraa moja chini, kwenye pengo la mawe, mlikuwa na redio ndogo ya sola, ile ya kuweka memori kadi inayouzwa kila duka Garissa. Waya wake ulipanda hadi juu. Jua likipiga utosini, redio inaamka.

Yonis alijirekodi Ramadhani iliyopita. Naimo alikuwepo chumbani siku hiyo, alikuwa anakaanga sambusa, na ukisikiliza vizuri ungesikia mafuta yakilia nyuma ya aya.

Alinyoosha mkono, akaizima. Kisha alikaa chini kwenye udongo mweupe akalia alivyokuwa hajalia kwa miezi minne. Wote walimwona jiwe. Alikuwa hakulia kwa sababu kulia ni kukubali. Sasa alikubali. Mbali kusini alisikia Probox ikiwaka, ikinguruma, ikipotea, na hata hilo hakulijali.

Saa nane ilipita. Alipoinuka kwenda kuichukua ile redio, angalau amfikishie mama yao sauti, ndipo alipoona kioo cha sola. Kila kitu mahali pale kilikuwa na vumbi jeupe la kidole kizima. Kioo kilikuwa kimepanguswa.

Aliingiza mkono nyuma ya redio. Mkebe.

Daftari. Ukurasa wa kwanza, tarehe ya jana.

Naimo alianguka kifudifudi, akasujudu pale pale, paji la uso kwenye mawe ya moto, na hakujua amekaa hivyo kwa muda gani. Yuko hai. Jana alikuwa hai, alishika kalamu, alipangusa kioo. Yuko hai! Angekimbia mpaka barabarani, angedandia lori lolote, angeingia Garissa kesho kabla imamu hajasimama, apige kelele mlangoni mwa msikiti na aibu iwashukie wote.

Kisha akasoma.

*Naimo, niliona sahihi yako kwenye daftari la tano nikajua unakuja. Sijambo. Nakula, nalala, na redio inawafukuza wachungaji. Usinitafute zaidi ya hapa.*

*Waliochoma pikipiki wanaamini nilikufa porini nilipowatoroka. Niliwaona na mzigo wao nikiwa naficha mkebe, na wao waliniona. Waliniambia mbele ya uso wangu: tukikukosa wewe, hatutamkosa mkeo. Walitaja jina lake. Walitaja mlango wa nyumba yangu na rangi yake.*

*Nikiwa maiti hawana haja naye. Kwa hiyo nimekuwa maiti. Nilihitaji mtu mmoja wa nyumbani ajue, asikae akichimba mpaka wao wakasikia. Mtu huyo ni wewe, unisamehe.*

*Baba asijue, atashindwa kuficha. Ilwad asijue kabisa. Asipolia kweli, mjini wataona.*

*Nimesikia nitaswaliwa Ijumaa. Nenda msikitini. Simama na wanawake. Uniswalie.*

Aliisoma mara tatu. Alitafuta neno la kumpa ruhusa ya kukataa, hakuliona. Halafu alimfikiria Khalif, yule mwongo, anayekimbiza gari kuelekea mjini na kaburi la uongo mdomoni. Alijikuta anamwombea afike salama. Uongo wake sasa ndio ngao ya Ilwad.

Ilikuwa saa tisa simu ilipolia. Pale juu ya ukingo wa kisima mtandao ulikuwa umeingia, mstari mmoja tu.

Ilwad.

Aliiacha ikalia mpaka ikakaribia kukata.

"Hallo."

"Naimo?" aliuliza wifi yake. "Khalif amenipigia. Yuko njiani, analia, anasema mmeona kaburi. Anasema lina jina la Yonis."

"Ilwad..."

"Subiri, nisikilize. Mimi mdomo wa Khalif siuamini. Wazee siwaamini. Miezi minne ni wewe tu uliyeniambia nisivue bangili, nikakusikiliza. Basi utakaloniambia wewe ndilo nitakaloshika. Umeliona kwa macho yako?"

Naimo alitazama daftari lililokuwa wazi magotini, herufi zilizolala kushoto.

"Wifi yangu, niambie," alisema Ilwad. "Yuko hai?"

Upepo uliinuka, ukafunga ukurasa.

"Uko na nani hapo nyumbani?" aliuliza Naimo. Sauti ilikuwa yake, ile ya wodini, ya kuwaambia ndugu wa marehemu. "Mwite jirani yako Saynab akushike mkono. Halafu keti chini, Ilwad. Keti chini kwanza."